Kabla hujauliza saiti ya bastola ni bei gani, uliza inafungwaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, manake hili jambo linakua hapa Kampala na wanaolizungumza wengi wanazungumzia upande mmoja tu. Wenye leseni za bastola, wafanyabiashara, mawakili, na hawa vijana wa ulinzi wa wakubwa, siku hizi wanataka saiti za nukta nyekundu, yaani vioo vidogo vya kulengea vyenye nukta ya taa ndani, kwenye bastola wanazobeba kiunoni kila siku. Kitu chenyewe ni kizuri, sibishi. Unaangalia shabaha macho yote mawili wazi na nukta iko pale pale, hupangi tena saiti ya mbele na ya nyuma, na kwa sisi ambao umri umesogea na saiti ya mbele tunaiona na ukungu, ni msaada mkubwa kweli. Ninachopigia kelele ni vile zinafungwa.

Mtu akitaka kununua atauliza kioo ni cha kampuni gani, betri inakaa muda gani, bei ngapi, alafu basi. Haulizi nini kinashika ile saiti juu ya slaidi, yaani kile kipande cha chuma cha juu ya bastola kinachorudi nyuma na mbele ukipiga. Na kumbuka kwenye bastola saiti haijakaa mahali pametulia kama kwenye bunduki ndefu, imepanda juu ya slaidi, kila risasi slaidi inarudi nyuma kwa nguvu inagonga, inarudi mbele inagonga tena, na saiti inabebwa humo humo. Trijicon RMR kwa mfano, saiti moja inayojulikana sana, ina uzito wa karibu gramu 34 na inashikwa na skrubu mbili ndogo. Zikilegea kidogo inakuwa kama kioo cha pembeni cha boda kilichofungwa na nati moja, kipo lakini hakikuonyeshi kitu cha kuamini. Hebu piga hesabu: msingi wa hiyo saiti una urefu wa milimita 45 hivi, ukiinuka upande mmoja kwa milimita 0.1 tu, yaani unene wa karatasi moja, kwenye mita 25 risasi inahama zaidi ya sentimita 5. Na hiyo ni ikiwa imeinuka ikatulia, ikiwa inacheza kila risasi inaenda kwake. Sasa mji wetu huu ulivyojaa watu, ukikosa ulipolenga risasi haipotei hewani, inampata mtu.

Njia za kufunga ni chache. Ya kwanza ni kibao kinachoingizwa kwenye ule mfereji wa saiti ya nyuma, unatoa saiti ya chuma unachomeka kibao, saiti inakaa juu yake. Ni rahisi na haikati chuma, ndio maana inapendwa, lakini kwa bastola ya kubeba mimi siipendi hata kidogo. Saiti inakaa juu mno, saiti yako ya nyuma ya chuma imeondoka kwa hiyo betri ikizima huna pa kukimbilia, na kinachoshika mzigo wote ni ule mbano wa mfereji mmoja uliotengenezwa kushika kipande kidogo cha chuma. Uwanjani kwa mazoezi sawa, kiunoni hapana.

Ya pili ni bastola iliyotoka kiwandani tayari imechongwa juu, unaweka pleti, kibamba cha kuunganisha, alafu saiti juu ya pleti. Kampuni ya bastola ya Glock walileta mfumo wao wa pleti, MOS, mwaka 2015, ukinunua unapata pleti nne ndani ya boksi na kila moja ni ya kundi lake la saiti, ile ya RMR ni namba 02. Uzuri wake ni kwamba kesho ukibadilisha saiti unabadilisha pleti tu. Ubaya ni kwamba skrubu zimekuwa nyingi, kuna zinazoshika pleti kwenye slaidi na zinazoshika saiti kwenye pleti, na popote penye skrubu pana mahali pa kulegea, alafu saiti inapanda juu kidogo na saiti za chuma za kawaida haziwezi kuonekana ndani ya kioo mpaka uweke zile ndefu. Pleti ikiwa nyembamba uzi unaoshika skrubu, ile mizunguko ya ndani ya tundu, unakuwa mfupi. Kwa hiyo tafuta pleti ya chuma cha pua iliyokaza vizuri pembeni, isiyocheza hata kabla hujaweka skrubu, maana kazi ya kupokea mshtuko inatakiwa ifanywe na kuta na vijino, vile vidude vya chuma vinavyoingia kwenye mashimo ya chini ya saiti, skrubu zibaki kushikilia kwenda chini tu.

Ya tatu ni kuchonga slaidi yenyewe kwa kipimo cha saiti moja na kuikalisha humo moja kwa moja. Hii ndio imara kuliko zote, nakubali. Saiti inakaa chini, skrubu ni chache, na kuta za chuma zinaikumbatia pande zote. Wamarekani wengi wanaobeba kila siku watakwambia hakuna zaidi ya hapo, na kule wana haki, manake kule unatuma slaidi kwa fundi mwenye leseni na mashine ya kompyuta inarudi kwa posta.

Lakini hapa Uganda mimi nasema usichonge! Kuchonga slaidi ni kazi ya vipimo vya sehemu za milimita kwenye chuma kigumu, na kwenye Glock kile kifaa cha usalama kinachozuia pini kupiga risasi bastola ikianguka kiko karibu sana na sehemu inayokatwa, fundi akizidisha kina kidogo ameshaingia mahali pabaya. Nawaheshimu mafundi wa Katwe kwa moyo wangu wote, wanatengeneza mashine ambazo wengine wanaagiza kutoka nje, lakini hii sio kazi ya kumpelekea mtu bila kibali cha kushughulikia silaha. Kwanza sheria yetu ya silaha ya mwaka 1970 iko pale na silaha yako iko kwenye kumbukumbu za polisi, ukimwachia mtu asiye na kibali hata kwa mchana mmoja umejiweka matatani na yeye umemweka. Alafu chuma kikishakatwa ile rangi ya kiwandani inayozuia kutu imeondoka, inabidi kipakwe tena sawasawa, la sivyo kwa jasho la kiunoni na hewa hii ya ziwa ukikaa Entebbe au Jinja utaona kutu mapema. Na dhamana ya kiwanda ndio kwaheri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama bastola yako haikuchongwa kiwandani, baki na saiti zake za chuma na pesa ya saiti ifanye risasi za mazoezi. Kama unataka nukta kweli kweli, ukienda kuomba kibali cha bastola nyingine omba ile iliyochongwa kiwandani. Najua ni gharama na najua mlolongo wa vibali ulivyo, bado nasema hivyo.

Na ukishapata iliyochongwa, chagua saiti kwa kufuata matundu na vijino vya slaidi, usianze na saiti. Hapa watu wanapotezwa sana na wauzaji. RMR na 507C, saiti ya kampuni ya Holosun, zinakaa kwenye matundu ya aina moja, sawa. Bastola nyembamba kama Glock 43X MOS inachukua saiti ndogo ya Shield RMSc bila taabu, lakini Holosun 507K inafanana nayo tu, vile vijino vya nyuma vya slaidi vinaizuia, ndio unasikia mtu anavipiga tupa avisawazishe. Usifanye hivyo jamani, vile vijino ndivyo vinavyopokea mshtuko, nunua saiti inayolingana. Zile nakala za bei ya chini zilizotengenezwa kwa bastola za mchezo zisizopiga risasi za kweli, hata zikikalia matundu vizuri, hazikutengenezwa kuvumilia risasi za kweli, usizibebe.

Skrubu sasa. Tumia zilizokuja na saiti au na pleti kwa kazi ile ile, usiokoteze dukani eti uzi umefanana. Fupi sana zitang'oa uzi, ndefu sana kwenye Glock ile ya kulia inaweza kufika kwenye njia ya kile kijiti kinachosukuma kivuta ganda, na bastola inaanza kugoma kutoa maganda na wewe unalaumu risasi. Safisha mafuta yote kwenye uzi, weka gundi ya skrubu ya bluu, sio nyekundu, kaza kwa bisibisi ya kupimia nguvu (Trijicon kwa RMR wanasema inchi-pauni 12, karibu nyutoni-mita 1.4), acha siku nzima ikauke ndio uende kupiga. Mkono hauwezi kupima hiyo nguvu hata uwe fundi wa miaka mingi. Ukimaliza chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mwili wa saiti, mstari ukikatika unajua imezunguka.

Angalia pia betri inatolewa wapi. RMR ya kawaida betri iko chini, kuibadilisha lazima ufungue saiti nzima, ufunge upya, urudi uwanjani kulenga upya, na sisi tunajua risasi zilivyo ghali na uwanja wa kupigia ulivyo wa shida kupata. 507C ina kidroo cha pembeni, hufungui kitu. Kwa wanaofanya kazi Karamoja kwenye vumbi, au yeyote anayetembea na mvua zetu hizi, saiti zilizofungwa pande zote kama Aimpoint ACRO zina faida kubwa, tone la maji au vumbi haliingii kwenye taa, ila nazo zina mfumo wao wa kubana kwa hiyo pleti yake ni tofauti. Na mkoba wa bastola lazima uwe umekatwa kupitisha saiti, usiulazimishe.

Ninaomba mambo mawili. Wanaoingiza na kuuza hizi saiti waandike wazi inaingia kwenye bastola zipi na kwa pleti gani, na wawe na ile bisibisi ya kupimia pale pale dukani, wasimwachie mteja aende kujifungia nyumbani na kisu. Na maafande wanaokagua silaha wakati wa kufanya upya leseni, pamoja na kuangalia namba, waguse na saiti, waone kama inacheza na kama amora, yaani fundi wa silaha, mwenye kibali ndiye aliyeifunga. Ni kazi ya dakika chache na vifaa vyake si vya pesa nyingi.

Msomaji wenu,
Ntinda, Kampala