Nili ya Carolina haikutoka katika mkono mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makala mliyoichapisha hivi karibuni juu ya wanawake waliotikisa uchumi wa Marekani kabla haijawa nchi huru, hasa ile sehemu ya Eliza Lucas, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Pinckney. Mwandishi wenu amemstahi bibi huyo kama anavyostahili, lakini amehitimisha kwa kusema kwamba yeye peke yake ndiye aliyeipatia Carolina Kusini zao la nili, na maneno hayo mawili, “peke yake”, ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Sipunguzi hata chembe ya sifa zake. Alizaliwa katika kisiwa cha Antigua mwaka 1722, akasomeshwa London, na mwaka 1738 familia yake ikahamia Carolina Kusini, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Mwaka uliofuata baba yake, ofisa wa jeshi, alirudishwa Antigua kwa sababu ya vita kati ya Uingereza na Hispania, na kwa kuwa mama alikuwa mtu wa kuugua-ugua, mashamba matatu yakabaki mikononi mwa binti ambaye hajatimiza hata miaka kumi na saba: shamba la Wappoo la ekari 600 karibu na Charles Town, ambako ndiko walikoishi, na mengine mawili makubwa zaidi kwenye mito ya Combahee na Waccamaw. Alikuwa na daftari la kunakilia barua zake, na humo tunamwona akiamka saa kumi na moja alfajiri, akisoma vitabu hadi saa moja, kisha akitoka kukagua bustani na mashamba kabla hajatia kitu kinywani. Majirani maskini walimjia awaandikie wosia, naye akajifunza kutoka katika kitabu cha sheria namna ya kuziandika. Alipanda hata mialoni, akipiga hesabu kwamba siku moja mbao zake zingetakiwa na waunda meli. Huyo ni mtu mwenye akili na uthubutu, na sina ugomvi na anayemsifu.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye nili yenyewe. Wasomaji wengi wa rika langu wanalijua neno hilo kutokana na ile rangi ya buluu tuliyotia kwenye beseni ili mashati meupe ya shule yang'ae, lakini nili ya asili hutoka kwenye majani ya mmea, na katika karne ya 18 viwanda vya nguo vya Uingereza viliihitaji sana huku vikilazimika kuinunua kutoka makoloni ya wapinzani wao Wafaransa. Baba alimtumia Eliza mbegu kutoka Karibi, akazipanda. Zao la kwanza liliuawa na baridi kali kabla mbegu hazijakomaa. Alijaribu tena msimu baada ya msimu, na ni mwaka 1744 tu, mwaka ule ule alioolewa na Charles Pinckney, ndipo alipopata mavuno ya kutosha, ambayo waliamua kuyahifadhi karibu yote yawe mbegu na kuwagawia majirani bila choyo.

Lakini kuotesha mmea si kutengeneza rangi. Majani yalikatwa na kujazwa katika birika la kwanza lenye maji, yakaachwa yachachuke. Maji yake yakafunguliwa kuingia birika la pili, na hapo watu walisimama wakiyapiga na kuyakoroga kwa saa nyingi hadi yakafanya povu na kugeuka rangi. Kisha yalitiwa maji ya chokaa ili ile buluu itulie chini, nayo ikakusanywa kama tope, ikatundikwa ndani ya mifuko ichuje, ikakatwa vipande na kuanikwa kivulini. Ukiacha kupiga mapema mno hupati rangi, ukizidisha rangi inaharibika, na hakukuwa na saa wala kipimo cha kukuamulia isipokuwa jicho la aliyezoea. Harufu yake ilikuwa ya kuoza, na nzi walijaa, kiasi kwamba mabirika yalijengwa mbali na nyumba za kuishi. Mimi nimekulia kambi ya mkonge huku Tanga, na ninaijua harufu ya majani yaliyokamuliwa na kuachwa kwenye maji. Najua pia kwamba katika vitabu vya ofisi ya shamba, mtu aliyesimama katikati ya harufu ile alikuwa namba tu.

Waliosimama kwenye mabirika ya Wappoo walikuwa Waafrika waliofanywa watumwa. Kuhusu ufundi, baba yake Eliza aliajiri kwanza, kwa ujira mkubwa, Mzungu mmoja aitwaye Cromwell kutoka Montserrat. Katika barua aliyomwandikia mwanawe mwaka 1785, Eliza mwenyewe anasimulia jinsi Cromwell alivyoogopa kwamba nili ya Carolina ingeua biashara ya kisiwa chake, akaificha kazi yake na kutia maji ya chokaa mengi kupita kiasi hadi rangi ikaharibika. Baadaye, historia za Carolina zinaeleza, aliletwa mtu mweusi mwenye ujuzi huo kutoka katika kisiwa kimojawapo cha Wafaransa. Jina la Cromwell aliyeharibu rangi limehifadhiwa. La huyu aliyeletwa kuitengeneza halikuandikwa. Ninalirudia jambo hili kwa sababu makala yenu imemtaja yule wa kwanza kwa jina na haikumtaja kabisa huyu wa pili.

Tusisahau pia hali iliyowazunguka. Mwezi Septemba 1739, kando ya mto Stono, si mbali na Wappoo, watumwa waliinuka na kushika silaha wakielekea Florida ya Wahispania, ambako waliahidiwa uhuru. Mwaka 1740 sheria mpya ilikataza kumfundisha mtumwa kuandika. Katika miaka hiyo hiyo Eliza alikuwa akiwafundisha kusoma wasichana wawili weusi, akikusudia wawe walimu wa watoto wenzao, jambo ambalo kwa haki lazima liandikwe upande wake. Na alikuwepo seremala wa shamba hilo aliyeitwa Quash, ambaye alishtakiwa kwa kupanga kutorokea Florida akaonekana hana hatia. Baadaye alibatizwa na kuitwa John Williams, akashiriki kuijenga nyumba ya akina Pinckney mjini Charles Town, na mwaka 1750 akapewa uhuru wake. Kwa hiyo majina yapo kwa anayeyatafuta.

Mwaka 1746 koloni lilisafirisha takriban ratili 5,000 za nili. Miaka miwili baadaye zilizidi 100,000, na Bunge la Uingereza likaanza kutoa ruzuku kwa kila ratili. Kufikia vita vya uhuru zilikuwa zimepita milioni moja kwa mwaka. Utajiri huo uliwasomesha wana wa Eliza Uingereza, na mmoja wao, Charles Cotesworth, akaweka saini yake kwenye Katiba ya Marekani mwaka 1787. Eliza alipofariki Philadelphia mwaka 1793, Rais George Washington alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Mwandishi wenu ameyaeleza hayo vizuri. Hakueleza kwamba kadiri nili ilivyostawi ndivyo wenye mashamba walivyozidi kununua watu walioletwa kwa meli kutoka Afrika.

Nimesikia kwamba mna nia ya kuzikusanya makala hizo ziwe kijitabu cha shule. Naomba basi, kabla hakijaenda mitamboni, maneno “peke yake” yaondolewe, aya moja ieleze kazi ya mabirika na walioifanya, na jina la John Williams, seremala, liandikwe katika ukurasa ule ule ulio na picha ya nyumba aliyoijenga.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi,
Tanga