Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote, na poleni kwa jua la leo. Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina, na kumbukumbu za vikao zimo kwenye makabrasha mliyopewa mlangoni, kwa hiyo sitazirudia. Muda wangu karibu wote nitautumia kwa jambo moja: vyombo vya wavu, yaani vile tunavyovishona kwa wavu wa waya ili kulelea miti yetu ya bonsai, miti inayofanywa midogo chunguni. Ndilo lililotupa kazi nyingi zaidi mwaka huu, ndilo lililotutia hasara, na ndilo ninaloliombea uamuzi wenu kabla hatujatawanyika.

Wengi mnakumbuka lilivyoanza. Katika mkutano wa mwaka jana, mama mmoja mwanachama wetu wa Makorora, hapa Tanga, alisimama akasema ana mikwaju minne aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Iko kwenye makopo ya rangi, na kila siku ya maonyesho anaona haya kuileta kwa sababu wenzake wanakuja na vyungu vinavyong'aa vilivyoagizwa nje. Alisema bila hasira, akakaa. Usiku ule sikupata usingizi mapema. Chama cha wapenda miti kilikuwa kimemfanya mtu aone haya kwa sababu ya chombo, wakati miti yake ni mizima kuliko mingi iliyokuwa mezani.

Nami nasema waziwazi kwamba tulikosea. Tulianzia mwishoni. Chungu kizuri ni vazi la harusi, na mtoto anayetambaa havishwi vazi la harusi. Neno bonsai kwa Kijapani maana yake ni kilichopandwa kwenye sinia, na sisi tukalishika sinia tukauacha mti. Wajapani wenyewe hawafanyi hivyo. Mafundi wao wa misonobari myeusi huikuza miche kwa miaka kwenye zaru, yaani chujio la jikoni, la mianzi au la plastiki, na chungu huja baadaye sana. Kijiji chao mashuhuri cha bonsai, Omiya, kimetimiza miaka 100 mwaka huu. Kilianzishwa mwaka 1925 na wakulima waliohama Tokyo baada ya tetemeko la mwaka 1923, wakitafuta udongo mzuri, maji na hewa safi.

Hewa ndiyo siri ya wavu. Mche ukiwa ndani ya kopo, mzizi hukimbia mpaka ukutani, ukikosa pa kutokea hugeuka na kuanza kuzunguka. Waliopitia kazi ya vitalu wanajua: ukichana kiriba kilichokaa muda mrefu unakuta mzizi umejiviringa kama kamba ya kisima ndani ya ndoo. Mti wa namna hiyo hauna msingi. Kwenye wavu, ncha ya mzizi hufika kwenye tundu, ikakutana na hewa kavu, ikanyauka. Ncha ikifa, mzizi hutoa matawi nyuma yake, nayo yakifika kwenye matundu hunyauka na kutoa mengine. Ni kazi ile ile tunayoifanya juu kwa mkasi, tunapokata kilele ili machipukizi yatoke ubavuni. Huku chini hewa inatufanyia bure.

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha Raskazone, tuliweka mezani mikwaju miwili iliyooteshwa siku moja. Mmoja ulibaki kwenye kopo, mwingine ulihamishiwa kwenye wavu mwanzoni mwa masika. Wa kopo ulitoka na mzizi mkuu mmoja uliozunguka chini mara tatu, mnene kama kidole, na vinyweleo vya kuhesabika. Wa wavu tuliushika shinani tukautikisa, na udongo haukudondoka. Mizizi myembamba ya rangi ya kahawia ilikuwa imeukumbatia pande zote, na kwenye kila tundu palionekana kincha kidogo kikavu, kama ncha ya kijiti cha kiberiti kilichoungua. Mzee wetu mmoja, ambaye amekuwa akipinga wazo hili tangu Januari, aliuinua mti ule, akaugeuza mara mbili, kisha akauliza wavu unauzwa duka gani. Namshukuru kwa kupinga kwa ustaarabu, na namshukuru zaidi kwa swali lile.

Sasa kuhusu utengenezaji, kwa faida ya ambao hawakuhudhuria mafunzo. Vyombo vya kwanza tulivishona vibaya. Kingo zilikuwa miiba mitupu na tulichanika mikono. Aliyetuokoa ni mwanachama wetu mvuvi, msukaji wa madema, ile mitego ya samaki, ambaye alituangalia kwa dakika kumi bila kusema neno, kisha akaomba koleo. Alituonyesha kukata wavu katikati ya matundu ili zibaki ncha fupi, kisha kuzikunja ncha zote kwa ndani juu ya waya mmoja mnene unaozunguka mdomo, kama anavyofunga mdomo wa dema. Ukipitisha kiganja juu yake husikii kitu.

Kipimo tulichokubaliana ni hiki. Kata kipande cha mraba cha sentimita 44 kwa 44. Kila upande pima sentimita 12 kutoka ukingoni, uweke alama. Hapo katikati panabaki sentimita 20 kwa 20, ndiyo sakafu ya chombo. Pembe usizikate ukazitupa. Pasua mstari mmoja tu wa kila pembe, kunja kuta kwa kuzigonga kwenye ukingo wa ubao, halafu ile pembe iliyobaki ipite nyuma ya ukuta wa jirani na uifunge kwa waya mwembamba wa kufungia nondo sehemu tatu. Pembe inakuwa na wavu mara mbili, na ndipo chombo kinapobebewa. Matundu yawe ya robo inchi. Wavu wa banda la kuku wenye matundu makubwa haufai peke yake, udongo wote utakuwa chini kabla hujamaliza kumwagilia.

Hata kwa robo inchi, punje ndogo hutoka siku za mwanzo. Sisi watu wa Tanga dawa tunayo: kipande cha gunia la katani ndani ya kuta. Katani huoza taratibu kwenye unyevu, na itakapoisha mizizi imeshaushika udongo. Udongo wenyewe usiwe wa bustani. Ponda matofali ya kuchoma, chekecha, tupa vumbi, baki na punje za milimita 3 hadi 6. Changanya na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kuoshwa chumvi, na mkaa kidogo. Jambo la vumbi nalisisitiza kwa sababu nimewaona watu humu wakiliona ni usumbufu. Vumbi likibaki huziba nafasi zote, na faida ya wavu inakwisha hapo hapo.

Nije kwenye hasara. Januari, kwa moto wa ule mkutano, niliwahimiza mhamishe miti kwenye wavu mara moja. Ulikuwa wakati wa kaskazi, jua kali na upepo mkavu, na chombo cha wavu hukauka pande zote, si juu peke yake. Niliwaambia habari za mizizi, habari za maji sikuwaambia. Tulipoteza miti 11, mingi ikiwa mikomamanga, na mmoja kati yake mwenyewe alikuwa ameulea tangu mwanawe hajaanza shule. Nilikwenda nyumbani kwake Ngamiani kumpa pole. Alinikaribisha kwa chai na hakunilaumu, ila chombo kitupu kilikuwa bado pale barazani na sote wawili tulikiona. Kosa lile ni la mwenyekiti, na naomba liandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za leo.

Tulichojifunza kimeokoa miti iliyofuata. Hamisha masika yanapoanza, si kabla. Wakati wa kaskazi mwagilia asubuhi na jioni, kila siku, bila kukopa. Visogeze vyombo vikae bega kwa bega ili vikingane, na upande wa jua la alasiri funika ukuta kwa gunia bichi. Viweke juu ya matofali, visiguse ardhi, la sivyo mizizi itapita chini ikazama na utajikuta na mti usiohamishika. Anayetaka kunenepesha shina kwa haraka na akiweke chombo cha kwanza ndani ya kikubwa zaidi, mizizi inayotoroka itumie udongo wa nje. Shina likifika unene anaoutaka, ataikata ile ya nje na msingi wa ndani utabaki salama.

Kuhusu kutu, wanaokaa karibu na bahari wawe macho. Duka moja lilituuzia wavu uliopigwa rangi ya fedha tukidhani umechovywa zinki, na ndani ya miezi michache ulikuwa unamenyeka kama ganda la muhogo. Kabla ya kulipa, kwaruza kwa msumari. Rangi ikitoka vipande, rudisha. Kwa nyumba za ufukweni mimi naona afadhali wavu wa plastiki, au hata chujio kuukuu la jikoni na tenga la plastiki la sokoni. Jua hulikausha likavunjika baada ya muda, lakini hata hivyo mti unakuwa umeshafanya kazi yake humo.

Nina ombi jingine, fupi. Wapo waliouliza kama sasa tunaweza kwenda kuchimba miti porini, maadamu vyombo ni rahisi. Msimamo wa kamati ni hapana. Mikwaju, mikunazi, mikomamanga na mikuyu inaota kwa mbegu na vipandikizi kwenye nyua zetu.

Pendekezo la kamati ni kwamba mwaka 2026 fungu la kununulia vyungu lisitishwe, na badala yake chama kinunue jora moja la wavu uliochovywa zinki kwelikweli, upana wa sentimita 90, urefu wa mita 30. Kwa kipimo chetu, upana unatoa vipande viwili na urefu unatoa safu 68, jumla vyombo 136. Tununue pia mikasi miwili ya kukatia bati, ikae kwa katibu na kuazimwa kwa zamu. Wenye vyungu vizuri wataendelea kuvitumia kwa miti iliyokomaa, na tutaifurahia pamoja. Ila kuanzia maonyesho yajayo patakuwa na meza ya miti inayolelewa, iliyo kwenye wavu na makopo, na napendekeza meza hiyo iwe ya kwanza mlangoni.

Mkikubali, siku ya kazi itakuwa Jumamosi ya kwanza ya Februari, ili vyombo viwe tayari kabla ya mvua za Machi. Kila mmoja aje na koleo na kipande cha gunia. Fundi wetu wa madema ameshakubali kusimamia. Na mama wa Makorora ameniahidi ataileta ile mikwaju yake minne ikae nasi mpaka mvua ya kwanza, makopo yake tutayapasua siku hiyo hapa hapa.