Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya: kasi tunayouziwa ipimwe

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani hutaja kasi ya juu pekee. Mteja akilipia Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) akapata Mbps 9 usiku, hana pa kushikia, kwa sababu hakuahidiwa kiwango cha chini.

Tatizo huanzia kwenye ugawaji. Katika GPON, teknolojia inayotumika sana kufikisha faiba majumbani, tundu moja la mtambo wa kampuni hupeleka takriban Gbps 2.5 (Gbps moja ni Mbps 1,000) kwa nyumba zote zilizounganishwa nalo, mara nyingi 32 au 64. Nyumba 64 zikiuziwa Mbps 100 kila moja, zimeuziwa Gbps 6.4. Kugawana huko si wizi. Bila hivyo bei ingepanda mno. Lakini kati ya saa mbili na saa tano usiku, karibu kila sebule ikiwa na video, kampuni iliyojaza wateja kupita kiasi hujulikana. Wakati mwingine faiba ya mtaani haina kosa lolote: kinachobana ni uwezo mdogo ambao kampuni imenunua wa kutoka nje ya mtandao wake.

Programu za kupima kasi mara nyingi hazilioni hilo. Huchagua seva ya karibu, pengine iliyo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, na data haipiti kabisa pale palipobana. Kipimo cha haki kinataka kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya, Wi-Fi izimwe, vifaa vingine vipumzishwe, na seva iwe nje ya mtandao wa kampuni. Kirudiwe asubuhi, adhuhuri na usiku. Kasi inayopotelea kwenye kuta za nyumba, kampuni isilaumiwe kwayo.

Ujerumani, tangu Desemba 2021, mteja hupima mara 30 katika siku tatu tofauti kwa programu ya mdhibiti. Kasi ya kawaida iliyoandikwa kwenye mkataba isipofikiwa katika angalau asilimia 90 ya vipimo, ana haki ya kupunguziwa malipo au kuvunja mkataba.

Kubagua data, yaani kampuni kupunguza kasi ya aina fulani ya data, ni vigumu zaidi kuthibitisha. Video ikikwama, kisha ikatiririka vizuri ukiwasha VPN (programu inayoficha data yako kwa kuipitisha kwenye seva nyingine), hiyo ni dalili tu, maana VPN hubadilisha pia njia ya data. Mteja hawezi kulimaliza suala hilo peke yake, Mamlaka inaweza.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari, na ya fidia. Kwa msingi huo tunaomba kila mkataba utaje kasi ya chini, ya kawaida na ya juu. Mamlaka iwe na programu yake ya kupima, seva zikiwa KIXP (kituo ambako mitandao ya kampuni za Kenya hubadilishana data) na nje ya nchi, na matokeo yachapishwe kwa kila kampuni na kila mtaa. Kampuni inayopunguza kasi ya aina fulani ya data, au baada ya matumizi fulani, iseme hivyo kabla ya mteja kulipa.

Wako,
Mafundi wa mitandao ya faiba, Nairobi