Kwa vijana wa bodaboda wa steji za Busia: kuhusu kinga ya mgongo

Wanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nawaandikia kwa sababu ya ule ubishi wa Jumanne iliyopita pale chini ya mwembe, mwenzenu alipokuja amevaa kinga ya mgongo aliyoinunua kwenye mitumba. Mlimcheka. Mkamwita Kobe, na kufika jioni jina lilikuwa limeshamganda. Mmoja wenu akanigeukia akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa nesi. Kitu hiki kinasaidia kweli, au anabeba mzigo wa bure?" Nilikuwa na haraka ya sokoni, nikamjibu nusu. Jibu lote ni hili.

Kinasaidia. Ila msaada wake ni mdogo kuliko anavyodhani mwenzenu, na ni mkubwa kuliko mnavyodhani nyinyi mliomcheka.

Nilifanya kazi hospitalini miaka 31, mingi kati ya hiyo katika wodi ya mifupa. Nimewageuza vijana wa rika lenu kitandani kila baada ya saa 2, usiku na mchana, kwa sababu aliyepooza hasikii ngozi yake ikiumizwa na godoro, na kidonda cha kulalia huanza kimyakimya. Nimewawekea mipira ya mkojo. Nimekaa na mama zao nikiwaonyesha namna ya kumwosha mtoto wao wa miaka 24 kama walivyomwosha alipokuwa mchanga. Nikiona pikipiki inapenya katikati ya matrela yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, moyo wangu hurudi wodini.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha mifupa iliyoungana mpaka kwenye kifandugu. Ndani yake unapita uzi laini wa neva, unene wake kama kidole chenu cha mwisho. Mfupa ukivunjika huunga. Ule uzi ukikatika, hauungi.

Sasa, pingili huvunjika kwa njia mbalimbali. Kuna pigo la moja kwa moja: umerushwa kinyumenyume, mgongo ukatua kwenye ukingo wa mtaro wa saruji, jiwe au bampa la lori. Hapo kinga inafanya kazi yake. Inalichukua lile pigo la mahali pamoja na kulisambaza, na sehemu yake inaimeza. Mbavu za nyuma, mabega na figo navyo vinapata nafuu. Ulaya wana kipimo chao kiitwacho EN 1621-2. Wanaiangushia kinga uzito wa kilo 5 kutoka kimo cha mita 1 hivi, halafu wanapima nguvu inayopenya upande wa pili. Kinga ya daraja la 1 hairuhusiwi kupitisha wastani wa zaidi ya kilonewtoni 18, yaani kipimo cha nguvu ya pigo. Ya daraja la 2 mwisho wake ni 9, yaani nusu. Kwa hiyo tofauti ya madaraja ni kubwa, na mwenye uwezo wa kuchagua achague la 2.

Lakini wengi niliowahudumia hawakupigwa mgongoni. Walirushwa juu ya usukani wakatua kwa kichwa au kwa bega, mwili ukajikunja kwa nguvu. Wengine walitua kwa makalio, pingili zikashindiliwa kutoka chini. Wengine walisokotwa, kiuno upande huu na kifua upande ule. Hakuna kinga ya kuvaa chini ya koti inayozuia mgongo kujikunja hivyo, na ile aliyoivaa mwenzenu siku ile haifiki hata shingoni. Wodi hiyohiyo ilikuwa na vijana walioanguka kutoka juu ya miembe msimu wa matunda, na mivunjiko yao ilifanana na yenu. Si ajabu. Kwenda kilomita 40 kwa saa kisha ukasimamishwa ghafla na trela ni sawasawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 6. Ukienda 60, kimo kinapita mita 14, na mwembe wa hapa stejini haufiki huko. Nani kati yenu angepanda mita 14 kila asubuhi kisha akajitupa kwa sababu ana sponji mgongoni? Mwenzenu asije akaiamini kinga yake akaongeza mwendo. Hilo ndilo ninaloliogopa kwake.

Na kabla hajafikiria mgongo, nataka nione helmeti kichwani mwa kila mmoja wenu, imefungwa kidevuni. Jumanne nilihesabu helmeti zilizoning'inia kwenye vioo vya pembeni na zile zilizovaliwa mikononi kama vikapu. Sheria ya Uganda inamtaka dereva aivae na abiria wake pia aivae. Sheria hiyo haidai kinga ya mgongo. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kinga ya mgongo haikaribii hapo. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu anunue helmeti nzuri, na asione aibu.

Mwenye pesa ya vyote viwili, nina machache ya kumwambia. Ageuze kinga atafute maandishi ya EN 1621-2, tarakimu ya daraja, na mchoro mdogo wa mwendesha pikipiki. Herufi FB maana yake inafunika mgongo mzima, CB sehemu ya katikati, LB kiuno tu. Asipoona chochote, ajue ameuziwa sponji, maana makoti mengi ya pikipiki huja na kipande cha povu mgongoni kilichowekwa kujaza mfuko. Aipime na mwili wake: hutengenezwa kwa kufuata urefu wa kutoka kiunoni mpaka mabegani, na ikiwa fupi au inahamahama, siku ya siku itakuwa imekaa mahali pasipo pigo. Ya mitumba iangaliwe nyufa, kwa sababu iliyokwisha kupokea pigo moja kubwa haitegemewi tena. Joto la Busia nalijua, mtatoka jasho. Zipo zenye matundu.

Halafu yale makoti mazito mnayoyavaa mbele nyuma kukinga upepo wa alfajiri. Mkivaa hivyo koti lenye kinga, kinga inakaa kifuani na mgongo unabaki wazi. Na mikoba ya mgongoni yenye spana na kufuli: mnajua mnalalia nini mkianguka chali? Fungeni vyuma kwenye pikipiki.

Hayo ni ya dukani. Lililonifanya nikae chini niandike ni lingine.

Mwaka mmoja, nikiwa zamu ya usiku, waliletwa vijana watatu juu ya pikipiki moja. Dereva mbele, mwingine nyuma, na katikati aliyeumia, wamembana kati yao asianguke. Kichwa chake kilikuwa kinalewalewa begani mwa dereva. Waliomleta walikuwa wenzake wa steji, wametokwa na jasho, wamemkimbiza kwa upendo wote walionao. Nikamuuliza yule wa nyuma, alikuwaje pale barabarani? Akaniambia, "Sista, alikuwa analalamika mgongo, lakini miguu alikuwa anaichezesha." Nilipomgusa nyayo mimi, hakusikia. Sijui kama alipoteza miguu barabarani au njiani, hilo anajua Mungu. Najua kwamba pingili iliyovunjika ambayo bado haijaubana ule uzi inaweza kuubana mtu akikunjwa, akiketishwa, akirushwarushwa kwenye matuta. Na najua kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia wale vijana. Mimi niliyekuwa najua nilikuwa ndani ya wodi, nawasubiri waje wameshaharibika. Jambo hilo linanikera mpaka leo.

Nyinyi ndio mnaofika kwanza. Ajali ikitokea kati ya hapa na Tororo, kabla ya polisi, kabla ya gari la wagonjwa, bodaboda wameshajaa. Kwa hiyo mgongo wa mwenzenu unalindwa na mikono yenu kuliko na kinga yoyote ya Ulaya.

Mkimkuta amelala chini, mmoja wenu asimamishe magari mbali kidogo pande zote mbili, mwingine apige 999 au 112. Msimvute mkono kumwinua. Msimketishe na kumpa soda. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kikae kama alivyokikuta, azungumze naye, amwambie asigeuze shingo. Kama anapumua vizuri, helmeti msiivue. Kama hapumui, pumzi inatangulizwa kabla ya mgongo: vueni helmeti watu wawili, mmoja ameshikilia shingo na mwingine anaivuta taratibu, mfungue njia ya hewa. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja, kama gogo linavyobingirishwa, kichwa, mabega na nyonga vikienda mara moja. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu moja, mbili, tatu. Wengine wanamfuata yeye. Watu wanne wanatosha.

Kama pana moto, au trela linakuja bila breki, mvuteni tu, lakini kwa kufuata urefu wa mwili, mmeshika nguo za mabegani na kichwa kimebanwa katikati ya mikono yenu.

Gari la wagonjwa lisipokuja, na mara nyingi halitakuja haraka, tafuteni ubao, mlango, au benchi la kibanda cha chapati. Mbingirisheni juu yake, mfungeni kwa leso au kamba kifuani, nyongani na miguuni, wekeni nguo zilizokunjwa pande zote za kichwa, mkamlaze nyuma ya pikapu. Dereva wa pikapu aende polepole. Mkifika, mwambieni nesi kama alikuwa anachezesha vidole vya miguu na saa ngapi aliacha. Hayo maneno mawili ni dawa kwa daktari.

Na abiria wenu, wanangu. Yule mama anayekaa upande kwa sababu ya gomesi yake hana pa kubana magoti. Mkikata kona kwa kasi anatoka kinyumenyume, anatua kwa makalio au kisogo. Yeye hana kinga wala helmeti, ana nyinyi tu. Mpunguzieni mwendo.

Nimezungumza na fundi seremala wa nyuma ya soko, atatukatia ubao wa urefu wa mtu wenye matundu ya kushikia pembeni. Utakaa kwenye kibanda cha steji, na mwenyekiti ndiye atakayeutunza. Jumamosi hii saa nne asubuhi, wateja wa sokoni wakishapungua, nitakuja nao. Nataka wanne wa kunyanyua na mmoja wa kulala chini. Mwenzenu aje na kinga yake vilevile, niipime mgongoni mwake, na nitamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Mama yenu,
nesi mstaafu, Busia