India: orodha ya vibarua isiyo na majina

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie sheria ya India ya haki ya kupata taarifa, ile iliyoanza kutumika 12 Oktoba 2005. Kwetu hutajwa kila unapozuka mjadala wa uwazi serikalini. Zamani ilikuwa ikisifiwa kwa jumla, na siku hizi inalaumiwa kwa jumla vilevile. Wanaosifu na wanaolaumu wote wanaruka vifungu vidogo vya kikarani vilivyoipa nguvu, na ndiyo maana wengi hawakushtuka Novemba 2025, kilipoanza kutumika kifungu cha sheria nyingine kilichoikata maneno machache tu.

Kwanza ilivyofanya kazi. Mwananchi anaandika ombi kwa Kihindi, Kiingereza au lugha rasmi ya eneo lake. Kwa ofisi za serikali kuu analipa ada ya rupia 10, na aliye chini ya mstari wa umaskini halipi kitu. Haruhusiwi kuulizwa anazitakia nini hizo taarifa. Kifungu cha 6 kimemkinga. Akikosea ofisi, walioipokea barua wana siku 5 za kuihamishia panapohusika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 30, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Nakala ni rupia 2 kwa ukurasa. Kukagua mafaili pale ofisini ni bure kwa saa ya kwanza, baada ya hapo rupia 5 kwa saa.

Siku 30 zikipita kimya, kimya hicho kinahesabiwa kuwa kukataa, na taarifa zikija kutolewa baadaye zinatolewa bila malipo. Mwombaji ana siku 30 za kukata rufaa kwa mkubwa wa ofisa aliyemnyima, katika ofisi ileile, kisha siku 90 za kwenda Tume ya Taarifa. Katika rufaa ni ofisa anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na haki ya kunyima. Akishindwa kujieleza, Tume inamtoza rupia 250 kwa kila siku ya kuchelewa, hadi 25,000. Faini hiyo inamwangukia yeye binafsi, wala si idara yake. Kwa karani wa wilaya, hilo ni jambo la kuzungumzwa nyumbani na mke.

Waombaji nao hukosea, na makosa yao yanajulikana. La kwanza ni kuuliza "kwa nini". Sheria inatoa haki ya kupata kumbukumbu zilizopo. Haimlazimishi ofisa kutunga maelezo au kutoa maoni ambayo hayakuandikwa popote, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilisema hivyo mwaka 2011. Anayeuliza kwa nini barabara yake imebomoka atajibiwa kwamba swali lake si taarifa. Anayejua kazi yake anaomba nakala ya makadirio ya gharama, orodha ya vibarua, vocha za malipo, kitabu cha vipimo na cheti cha kukamilika kwa kazi, akitaja kijiji, jina la mradi na mwaka wa fedha, ambao kule huanza Aprili na kuisha Machi. Kosa la pili ni hundi ya posta ya kulipia ada kuandikwa jina lisilo sahihi la mpokeaji. Ombi linarudi na mwezi umepotea. La tatu ni barua ndefu: kanuni za mwaka 2012 za serikali kuu ziliweka kikomo cha kawaida cha maneno 500. Na kuna haki ambayo wengi hawaitumii, nayo ni kuchukua sampuli iliyothibitishwa ya vifaa vya ujenzi. Mtu anaweza kudai kipande cha zege la daraja na kukipeleka kupimwa.

Sasa majina. Sheria hii haikuzaliwa katika semina. Ilitoka katika vijiji vya jimbo la Rajasthan, kwa chama cha wakulima na vibarua kinachoitwa Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, kilichoanzishwa mwaka 1990 na Aruna Roy, Nikhil Dey, Shankar Singh na wenzao. Vibarua wa kazi za serikali walikuwa wakipunjwa ujira, na wakilalamika wanaambiwa vitabu vinaonyesha hawakufanya kazi ya kutosha. Wakasema basi tuonyesheni hivyo vitabu. Tarehe 2 Desemba 1994, pale Kot Kirana, ikafanyika jan sunwai ya kwanza, mkutano wa hadhara ambapo hesabu za serikali zilisomwa mbele ya waliotajwa ndani yake. Mwaka 1996 wakakaa siku 40 barabarani mjini Beawar wakidai haki ya kunakili hati hizo. Kaulimbiu yao ilikuwa "Hamara paisa, hamara hisaab". Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: pesa ni yetu, hesabu ni yetu.

Namna ya kukagua ni rahisi kueleza, ila inachosha kuitenda. Orodha ya vibarua inanakiliwa kwa herufi kubwa, jina, siku na malipo. Watu wanapita nyumba kwa nyumba: wewe umeandikwa siku 12, ulifanya ngapi, ulipokea kiasi gani, alama hii ya dole gumba ni yako? Hapo ndipo wanapojitokeza marehemu waliolipwa, waliohamia mjini zamani, na aliyeandikwa siku moja katika kazi mbili zilizo mbali. Kisha futi inatandazwa juu ya barabara: urefu, upana, kina, na mifuko ya saruji iliyoandikwa kwenye vocha inalinganishwa na zege linaloonekana. Duka la mgao wa nafaka linakaguliwa vilevile, kwa kuipeleka rejista yake milangoni mwa wanaodaiwa kupokea ngano.

Ondoa majina katika orodha hiyo. Tuseme inabaki mistari 40, kila mmoja una siku 12 na kiasi cha fedha, jumla imelingana hadi senti. Mlango gani utabisha hodi? Hesabu ya uongo iliyojumlishwa vizuri haina kasoro kwenye karatasi, na anayeweza kuikanusha ni yule aliyetajwa tu.

Hilo ndilo lililoguswa. Kifungu cha 8(1)(j) cha sheria ya 2005 kiliruhusu kuzuia taarifa binafsi pale tu ambapo hazina uhusiano na shughuli au maslahi ya umma, au kuzitoa kungeingilia faragha ya mtu isivyostahili. Na hata hapo ofisa aliweza kuzitoa akiridhika kwamba maslahi mapana ya umma yanadai hivyo. Kikaongeza kipimo kizuri sana, kwamba taarifa ambayo haiwezi kunyimwa Bunge haitanyimwa mtu yeyote. Kisha ikaja sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2023, na kifungu chake cha 44(3) kikafuta masharti yote hayo. Kilichobaki ni kwamba taarifa inayohusu mambo binafsi yaweza kunyimwa, nukta. Na data binafsi, kwa tafsiri ya sheria hiyo ya 2023, ni data yoyote kuhusu mtu anayeweza kutambulika. Jina la mkandarasi limo, saini ya mhandisi aliyepitisha kazi mbovu imo, jina la kibarua hewa ndiyo kabisa.

Serikali ina majibu mawili, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba mwaka 2017 majaji tisa wa mahakama ya juu walitamka kuwa faragha ni haki ya msingi ya kikatiba, kwa hiyo sheria ilipaswa kufuata. Lakini kifungu cha zamani kilikuwa tayari kinailinda faragha, kwa mizani. Haki mbili zikigongana huwekwa katika mizani. Hapa imetupwa mizani yenyewe. Na ni faragha ya nani? Katika mikutano ya Rajasthan vibarua wenyewe ndio waliotaka majina yasomwe kwa sauti, kwa kuwa walioibiwa ujira walikuwa wao.

Jibu la pili ni kwamba kifungu cha 8(2) bado kipo, kinachoruhusu kutoa hata taarifa iliyozuiwa ikiwa maslahi ya umma yanazidi madhara. Kweli kipo. Ila tazama kinavyofanya kazi mezani kwa karani. Kifungu hicho kinasema ofisi "yaweza" kuruhusu. Karani mdogo hatajitwika uamuzi huo wakati kuna neno fupi linalomruhusu kukataa, tena kukataa kusikomtia katika hatari ya faini. Mwombaji naye, ambaye kifungu cha 6 kinamwambia asitoe sababu, sasa itambidi atoe sababu ili kuonyesha maslahi ya umma. Zaidi ya hayo, sheria ya data inasema panapotokea mgongano, yenyewe ndiyo itakayotawala, na faini zake kwa wanaokiuka ulinzi wa data zinaweza kufika rupia bilioni 2.5. Weka hiyo kando ya ile 25,000 ya kuficha taarifa, kisha jiulize ofisa mwoga ataegemea wapi.

Sitaki kudai kwamba sheria ilikuwa nzima kabla ya hapo. Mwaka 2019 Bunge liliipa serikali kuu mamlaka ya kupanga muda na mishahara ya makamishna wa Tume, na muda ukashuka kutoka miaka mitano hadi mitatu. Rufaa na malalamiko yanayosubiri katika tume za nchi nzima yamepita laki nne (laki yao na yetu ni moja), na tume ya jimbo la Jharkhand ilibaki bila kamishna hata mmoja tangu Mei 2020, kwa miaka. Rufaa isiyo na wa kuisikiliza inaifuta ile siku ya 30 na ile faini, maana ofisa anajua kesi itafika amekwisha kuhamishwa. Hata makamishna waliopo hutoza faini mara chache mno. Wapo pia waombaji waliouawa. Amit Jethwa alipigwa risasi mwaka 2010 karibu na mahakama ya Gujarat, baada ya kufuatilia uchimbaji haramu wa madini. Sheria ya kuwalinda watoa siri ilipitishwa mwaka 2014, na haikuanza kutumika.

Maoni yangu, basi. Maneno yaliyofutwa yarudishwe kama yalivyokuwa, hadi koma ya mwisho, pamoja na kile kipimo cha Bunge. Wakati hilo linadaiwa, njia iliyobaki ni kifungu cha 4, kinachoziamuru ofisi zichapishe taarifa zenyewe bila kuombwa, zikiwemo orodha za wanaonufaika na ruzuku. Rajasthan ilifungua mwaka 2019 tovuti ya Jan Soochna kwa kazi hiyo. Majina yaliyokwisha kuchapishwa ukutani mwa ofisi ya kijiji ni vigumu kuyaita siri.

Kwa sisi wa huku, jambo hili lina mlango wake. Kenya na Tanzania zote zilipitisha sheria za kupata taarifa mwaka 2016, na zote zina sheria za data binafsi zilizofuata, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kenya haitozi ada ya kuwasilisha ombi na jibu linatakiwa katika siku 21. Hapo imeipita India. Lakini uamuzi wa kama maslahi ya umma yanazidi madhara imeuacha kwa mahakama, na kibarua haendi mahakamani kwa ajili ya ukurasa mmoja. Tanzania inatoa siku 30 kama India, ila inamtishia kifungo anayetoa taarifa zilizozuiwa. Ofisa akipima hatari zake mwenyewe, anajua kunyamaza ni salama zaidi.

Siku utakapoletwa muswada wa kurekebisha lolote kati ya haya, nawasihi waandishi wako waanze kuusoma nyuma, kwenye marekebisho ya sheria nyingine. Sheria ya data ya India ina vifungu 44.

Msomaji wako,
Tanga