Ami, mafuta ya Tundaua hayatoshi kuwa hoja

Ami, shikamoo.

Nimesikia umekataa kuuza shamba la mikarafuu kwa kuwa mafuta yanachuruzika Tundaua, huko Pemba, na wewe uko upande huohuo wa kisiwa, basi waona na chini yako yapo. Shamba usiuze, hapo niko nawe. Sababu yako ndiyo inayonitia shaka.

Chini hakuna ziwa la mafuta. Mafuta hukaa kwenye vitundu vya mwamba, kama maji ndani ya mchanga wa pwani: ukifukua shimo linajaa, wala hukukuta mto. Asili yake ni viumbe vidogovidogo vya majini vilivyokufa, vikazama kwenye tope lisilo na hewa na kufukiwa kabla ya kuoza vyote. Tope likalemewa na matabaka mengine kwa mamilioni ya miaka likawa mwamba. Kadiri mwamba unavyoshuka, joto huongezeka, mara nyingi nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Kati ya nyuzi 60 na 120 hivi hutoa mafuta. Ukipita 150, ni gesi zaidi.

Kisha mafuta hupanda, maana ni mepesi kuliko maji yaliyojaa miambani. Na hapa ndipo penye kesi. Yakigota kwenye tabaka lisilopitisha, lililojikunja au kukatwa na ufa ulioziba njia, hunasa. Yasipogota, hupanda hadi juu yakapotea. Kwa hiyo Tundaua inatwambia mawili: huko chini upo mwamba uliozaa mafuta, na pana mahali panapovuja. Tena huo mwamba waweza kuwa mbali, kwani mafuta husafiri pia kwa ubavuni, kilomita nyingi tu.

Kampuni za mafuta za BP na Shell zilichimba kisima cha Pemba-5 miaka ya mwanzo ya 1960, zaidi ya kilomita 3 kwenda chini, zisikute mafuta ya kufanyia biashara. Kisima kimoja hakihukumu kisiwa kizima, nakubali. Ndiyo maana mwaka 2018 Serikali ya Zanzibar ikatiliana saini na kampuni ya RAK Gas juu ya kitalu, yaani eneo la kutafutia mafuta na gesi, cha Pemba na Unguja.

Wakija wataalamu shehiani, usiwaulize kama mafuta yapo. Waulize yamezibwa na mwamba gani, na vipimo vya mitetemo ya ardhi vimeonesha mtego, yaani mahali mafuta yaliponasa, wapi. Halafu uliza la shamba lako: mkarafuu mmoja ukikatwa kupisha mitambo, fidia yake ni kiasi gani? Jibu lake walitie kwenye maandishi.