Mpwa wangu wa kidato cha nne, usiyakimbie mahafali

Marahaba, mpwa wangu. Barua yako imenifikia. Mama yako aliitia kwenye pochi alipotoka kwenye kikao cha wazazi, akashuka nayo milima ya Usambara hadi Mombo, akapanda nayo basi la Dar, na usiku huohuo nikaisoma. Nilikuomba ruhusa kupitia simu ya matroni ili nikujibu hapa hadharani bila kukutaja jina, kwa sababu najua hauko peke yako. Wako vijana wengi wa kidato cha nne mwaka huu wanaosema kama unavyosema wewe: mahafali ni kelele, michango ni kuwaumiza wazazi, igizo ni utoto, na muda wote huo bora uende kwenye Hesabu.

Nianze na hofu yako, maana ina msingi. Mtihani wa Baraza la Mitihani ni Novemba. Unajua kwa kichwa kwamba yanahesabiwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, kwamba A ni pointi 1 na F ni pointi 5, na kwamba divisheni wani inaanzia pointi 7 na kuishia 17. Umeniandikia kwamba unaota hizo namba usiku. Sitakuambia kwamba hazina maana. Tunajua wote kwamba karatasi ile ndiyo itakayosema kama utakwenda kidato cha tano, chuo, au utarudi nyumbani kwanza ujipange upya. Soma, mpwa wangu. Soma sana.

Ila hayo mengine usiyaache. Umeikuta shule ina mila zake, ukadhani zimekuwapo siku zote. Hazikuwapo. Shule yetu ni miongoni mwa zile shule za kata zilizochipuka wakati wa MMES, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Sisi tulipoingia kidato cha kwanza tulikuta madarasa machache yasiyopigwa lipu, ofisi ya walimu, na ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini, hiyo ndiyo kengele. Maabara hatukuiona mpaka tunaondoka. Hatukuwa na kaka wala dada wa kutuonyesha mtu wa kidato cha nne anaishi vipi, na tulipofika huko tukajibunia wenyewe.

Ile haki ya blanketi, kwa mfano, ilianzia kwetu. Unaijua baridi ya Lushoto ya Juni na Julai, ukungu unaingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Tulikuwa tunakwenda prepu tumejifunika mablanketi juu ya sweta, mwalimu wa zamu akapiga marufuku kwa sababu shule ilikuwa inaonekana kama wodi. Kaka mkuu wetu akaenda ofisini na ombi lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, lenye hoja za Biolojia kuhusu joto la mwili, akatetea mpaka walimu wakacheka wakakubali: blanketi kwa kidato cha nne pekee. Umeniandikia kwamba bado lipo, na kwamba wadogo wenu wanahesabu miaka iliyobaki mpaka na wao wajifunike. Nilifurahi mno kusoma hapo.

Na ile salamu ya prepu. Msemo wenyewe, "msuli tembo, matokeo sisimizi", hatukuutunga sisi. Ni wa wanafunzi wa nchi nzima: kusoma kwingi kama tembo, alama ndogo kama sisimizi. Sisi tuliugeuza salamu. Anayeingia darasani usiku anasema "Msuli tembo!" na darasa zima linaitikia "Matokeo sisimizi!" Tuliitikia hivyo mwaka mzima, tukicheka, hata siku ambazo mtihani wa utamilifu wa mkoa ulikuwa umetuacha na alama za kulia. Usiku wa kuamkia mtihani wa kwanza wa Baraza, kaka mkuu akaingia akasema yale yale, na bila mtu kumwambia mwenzake, darasa likajibu "Matokeo tembo!" Nilikuwa na hofu kama yako. Nililala usingizi mzito usiku ule.

Ndiyo maana siamini hesabu yako kwamba saa ya kucheka imeibwa kutoka saa ya kusoma. Mimi Hesabu nilifundishwa zaidi na wenzangu kuliko na kitabu, na wenzangu hao nilizoeana nao kwenye utani. Mtu ambaye hujawahi kucheka naye ni vigumu kumwambia hujaelewa logarithimu.

Sasa igizo. Wewe unaliita utoto. Mahafali ya kwetu, jamaa mmoja mfupi, mkimya kuliko wote darasani, alipanda jukwaani amevaa koti la mwalimu wa nidhamu. Koti lenyewe hasa, alikuwa ameliazima kwa mke wa mwalimu. Mikono ilimfunika mpaka vidoleni. Akasimama. Hakusema kitu. Akavua miwani, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akatutazama mmoja mmoja. Hapo wazazi walikuwa bado hawajaelewa lakini sisi tulikuwa hoi. Kisha akanyoosha rula: "Wewe. Na wewe. Na huyo aliyejificha nyuma yako, ambaye anadhani sijamwona." Kina mama walifuta machozi kwa khanga. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameketi meza kuu, karibu na mgeni rasmi, uso umekaza. Akainuka. Uwanja wote ukanyamaza. Akapanda jukwaani, akatoa noti mfukoni, akamtunza yule kijana kwa kumbandika kwenye paji la uso, akamrekebisha kola ya koti, akarudi kukaa. Nakuhakikishia, vigelegele vile vilisikika mpaka stendi.

Tangu siku ile yule jamaa hakuwa mkimya tena. Na mwalimu yule tulianza kumpenda katika zile wiki chache zilizobaki. Miaka minne ya nidhamu ilikuwa haijafanya hivyo.

Lakini igizo lina namna ya kuharibika, na hapa ndipo ninapokuhitaji wewe. Umeniandikia kwamba darasani kwenu yuko dada aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, kwamba wavulana wanamwita Mama Mkubwa, naye anacheka, ila kicheko chake hakifiki machoni. Na umesikia kamati ya igizo inataka kumweka kwenye mchezo. Mpwa wangu, utani wa mwaka wa mwisho unawaelekea wenye nguvu. Mwalimu wa nidhamu anaweza kuubeba. Ana mshahara, ana ofisi, ana koti la pili. Yule dada amefika darasani akiwa na mzigo ambao nyinyi wengine hamna. Ukijiweka pembeni kwa kuwa unasoma, nani atawaambia wale wavulana wachague mchezo mwingine? Wewe una ulimi, nakujua tangu mdogo.

Ngoja nikuambie kwa nini hili linanigusa. Tulipoanza kidato cha kwanza tulikuwa zaidi ya 80. Tulipohitimu hatukufika 60. Risala ya wahitimu ina mahali pake pa kusema hivyo, unalijua lile fungu: "Ndugu mgeni rasmi, tulianza tukiwa wanafunzi kadhaa, leo tunahitimu kadhaa, upungufu huu umetokana na uhamisho, utoro na sababu mbalimbali." Baada ya hapo zinafuata changamoto: upungufu wa walimu wa sayansi, maji, uzio. Mgeni rasmi anajibu kwa ahadi ya mifuko ya saruji, watu wanapiga makofi. Katika zile "sababu mbalimbali" za kwetu kulikuwa na msichana aliyekaa kiti cha dirishani, wa kwanza kwa Biolojia tangu kidato cha kwanza. Wakati ule ukipata ujauzito unafukuzwa, basi. Siku ya mahafali alikuja, mtoto mgongoni. Mlinzi hakumruhusu kuingia. Akasimama nje ya michongoma akatazama igizo kutoka huko, na jamaa wa koti aliponyoosha rula, kicheko chake tulikisikia kikipanda juu ya vicheko vyote. Alikuwa anamwelewa yule mwalimu kuliko mzazi yeyote aliyeketi kwenye viti.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shuleni. Kwa mwenzangu ilikuwa imechelewa sana. Kwa mwenzenu imewahi. Kwa hiyo darasa lenu lina nafasi ambayo sisi hatukupewa, ya kuwa na mahafali ambayo ndani yake yumo aliyekuwa nje. Na wale ambao hawakurudi, wale wa stendi, wa mashamba ya kabichi, walioolewa, waalikeni. Mwombeni mkuu wa shule mapema, kwa barua, kama kaka mkuu wetu alivyoombea blanketi. Walikaa madawati yale yale, wanajua majina yote ya utani ya walimu, watacheka mahali panapostahili.

Kuhusu njuka, wale wageni wa kidato cha kwanza, nitasema kwa ufupi. Kumwambia mtoto wa kidato cha kwanza aende kuuliza jikoni ufunguo wa bendera, sawa, wengi waliotumwa leo wanasimulia. Kumtuma maji usiku, kumnyang'anya sukari na kumlaza sakafuni, huo ni uonevu, na usikubali mtu yeyote auite mila ya shule. Mpe mmoja wao tranka lako ukiondoka. Lile la bati, lenye majina ya waliolimiliki yaliyochorwa kwa msumari ndani ya kifuniko. Jina langu limo, liko la tatu kutoka juu.

Hilo linanikumbusha mashati. Najua siku ya karatasi ya mwisho, askari wakishaondoka na bahasha, watu hutoa kalamu za wino mzito na kuandikana mashati mpaka hakuna mahali peupe. Nimeona picha za wenzenu wa mwaka jana, wanapendeza kwa furaha yao. Mimi naomba uandikiwe kwenye otografu. Ada ilifutwa tangu 2016, sawa, ila sare bado inatoka mfukoni mwa mzazi, na huko kwetu shati ni magunia ya karoti yaliyobebwa kichwani kushuka mlima. Yuko mtoto wa darasa la saba jirani yenu ambaye Januari atalihitaji. Otografu utaitunza, yangu ninayo hadi leo, yenye maswali yale yale ya chakula ukipendacho na ushauri wako kwangu. Jamaa wa koti aliniandikia ukurasa mzima kuhusu makande.

Na mti msisahau. Kila darasa linaloondoka linapanda mgrevilea wake kuanzia ofisini kuelekea bwaloni. Wa kwetu sasa una kivuli, mama yako aliniambia kikao cha wazazi kilifanyikia chini yake. Chagueni mahali ambapo kidato cha kwanza hawataupitia na mpira, na mpangiane zamu ya kumwagilia mpaka mvua za vuli zikolee.

Basi, mambo ya kufanya wiki hii. Mchango wako nimeshautuma kwa mama yako, kwa hiyo hilo halipo tena. Nenda kwa mwalimu mlezi wa darasa umwambie umeingia kamati. Saa moja ya Jumamosi inatosha, siku nyingine zote soma. Mwombe akupe lile fungu la risala linalohusu waliopungua, na kabla hujaandika, kaa na yule dada, umuulize angependa litajwe vipi, au lisitajwe. Akisema lisitajwe, usilitaje. Mimi na mama yako tutapanda basi la alfajiri ili tupate viti vya mbele. Maua ya kukuvisha ameshanunua, na ameongeza shada moja la mwenzako ambaye huenda hatakuwa na mtu wa kumvisha.

Mjomba wako